Moteri kwenye mlima wa Kyavinyonge: degre ngapi, presioni ngapi?

Samaki wa Kyavinyonge lazima apande mlima kabla ya kufika soko. Anatoka ku Ziwa Edouard, karibu mita 920 juu ya bahari, anapitia njia ya Kyondo na kufika Butembo, yenye iko kwenye mita zaidi ya 1.700. Mwenye kumpandisha ni moteri: ya Fuso, ya Land Cruiser ao ya pikipiki. Mzigo ni mzito, njia ni mbaya, shofere anabakia mu vitesi ya kwanza na ya pili, na moteri inanguruma bila kupata upepo. Kwa kazi ya namna hii, moteri ya kawaida inateswa karibu sawa na moteri ya gari la mbio.

Habari hii haiko ya mashofere peke yao. Mchimbaji akipata kitu ku karieri, mara nyingi pesa inageuka moteri: pikipiki ya mtoto, pompi ya kutoa maji mu shimo, mashini ya kusaga mawe, gari la mke mwenye kuuza samaki. Moteri njo benki ya familia. Ikiungua, masomo ya watoto yameungua pamoja nayo. Lakini moteri haifi bila kusema kitu. Inasema kwa njia mbili: joto na presioni. Mwenye kujua namba zake anasikia mapema.

Joto la kawaida

Ndani ya silinda, esansi ao mazutu ikiwaka, moto unapita degre 2.000. Pistoni nyingi ni za aliminiumu, na aliminiumu inayeyuka kwenye degre 660 hivi. Kwa nini basi pistoni haiyeyuki? Ju moto ule unawaka muda mfupi sana, kisha maji na mafuta ya moteri yanabeba joto na kulitosha inje. Kazi ile ikisimama hata dakika chache, chuma kinaanza kuumia.

Kwa gari lenye radiateri, maji yanapaswa kukaa kati ya degre 80 na 95. Kwenye tablo, mshale unabakia karibu na katikati. Mafuta ya moteri yanakuwa na joto kupita maji: degre 90 mpaka 110, na mu mlima mkali yanaweza kufika 120. Yakipita 130, yanakuwa mepesi sana na hayalindi tena vyuma vizuri.

Hata magari ya mbio hayatoki mbali na namba hizi. Mu Safari Rally ya Kenya, yenye ilianza mwaka 1953, Toyota Celica ilishinda miaka 3 mfululizo, 1984, 1985 na 1986, mu vumbi, matope na milima kama ya kwetu. Moteri ya mbio inatosha nguvu nyingi, lakini maji yake yanatakiwa kubakia mu degre 80 mpaka 100. Tofauti ni kwamba inapewa radiateri kubwa, inapozwa mafuta pia, na mwenye kuiendesha haachi kuangalia mishale yake.

Baridi nayo haiko nzuri. Moteri yenye kutembea chini ya degre 80 inakula mafuta mengi na kujisaga. Kwa hiyo tabia ya kutosha termostati na kuitupa, ati gari lisichemke, haisaidii. Termostati nzima inafunga maji yapate joto, kisha inayafungulia. Ikiharibika, weka ingine.

Mlima unaiba degre

Mama mwenye kupika maharagi anajua jambo hili bila kusoma fizike: maharagi ya Butembo yanakawia ku moto kuliko yale ya Kyavinyonge. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema. Pembeni ya bahari yanachemka kwenye degre 100. Kyavinyonge ni karibu 97, Butembo karibu 94, na kwenye mita 2.000 ni 93 tu.

Sasa fanya hesabu. Moteri yako inatembea na degre 90. Kama radiateri iko wazi, Butembo zinabakia degre 4 tu maji yachemke. Hapo njo unaona kazi ya kifuniko cha radiateri. Hakiko kwa kuzuia maji yasimwagike tu. Kinafunga presioni ndani. Vifuniko vingi vimeandikwa 0,9 ao 1,1, maana yake bari. Na kifuniko cha 0,9 kilicho kizima, maji ya gari hata Butembo hayachemki mpaka karibu degre 115. Badala ya degre 4, unapata 25.

Kama mpira wa kile kifuniko umepasuka, ao mtu ameziba na kitambaa na mfuko wa plastiki, umerudi ku degre 4. Kuna magari yamefunguliwa moteri nzima, fundi akatafuta ugonjwa siku mingi, na ugonjwa ulikuwa kifuniko. Kifuniko kipya ni pesa kidogo. Kurekebisha moteri yenye imepindika juu ya joto kunaweza kumaliza kazi ya miezi.

Na maji yenyewe? Maji ya Ziwa Edouard yana madini mengi yenye kuyeyuka, kuliko maji ya mvua. Yakipata joto, yanaacha ukoko mweupe mu mifereji myembamba ya radiateri, kama vile mu sufuria ya chai. Tumia maji ya mvua yenye kuchujwa, ao vizuri zaidi, maji ya radiateri yenye kuuzwa kwa kazi hiyo.

Presioni ya mafuta: hapa hakuna kungoja

Joto linapanda polepole na linakuachia muda. Presioni ya mafuta haikuachii. Mafuta yanasukumwa na pompi yapite kati ya vyuma, ili kimoja kisigusane na kingine. Moteri ikiwa na joto na ikiwa imesimama bila mzigo, presioni karibu na bari 1 ni kawaida kwa magari mengi, na zingine zinakubali chini kidogo. Ikitembea, inapaswa kupanda mpaka bari 3, 4 ao 5. Mafundi wa magari ya mbio wana kipimo chepesi: karibu bari 0,7 kwa kila mizunguko 1.000 ya moteri kwa dakika.

Magari mengi hayana mshale wa presioni. Yana taa nyekundu tu, yenye picha ya kibirika. Taa ile inawaka presioni ikiwa karibu imeisha, mara nyingi chini ya bari 0,5. Kwa hiyo haisemi “utaangalia mukifika.” Inasema “zima sasa.” Kutembea kilometa moja na ile taa kunatosha kuua moteri.

Mshale ukipanda mu mlima

Usikanyage zaidi ili ufike haraka. Tafuta mahali sawa, simamisha, weka jiwe nyuma ya tairi. Kama maji hayajamwagika, hakuna mvuke na taa ya mafuta haiwake, acha moteri izunguke polepole ili feni na pompi ya maji viendelee kupoza. Kama gari lina hewa ya moto ya ndani, fungua yote, hata kama watu watalalamika: inatosha joto mu moteri. Lakini kama mvuke unatoka ao maji yamemwagika, zima.

Kisha ngoja. Kufungua kifuniko cha moto ni kujichoma uso na macho, ju maji ya degre 110 yanageuka mvuke mara moja yakipata hewa. Ngoja nusu saa ao zaidi, mpaka mkono uweze kushika mpira wa juu wa radiateri bila kuachia. Usimwage maji ya baridi mu moteri yenye kuchemka, inaweza kupasuka. Moteri zenye turbo, ukifika juu, ziachie zizunguke dakika moja ao mbili mbele ya kuzima, ju mafuta yapoze turbo.

Ku ziwa na ku karieri

Moteri ya mtumbwi haina radiateri. Ziwa njo radiateri yake. Inavuta maji, na maji yanatoka pembeni kama mkojo. Ule mkojo njo mshale wako. Ukipungua ao ukikatika, zima moteri, angalia kama majani ao plastiki imeziba mahali pa kuvuta maji. Moteri nyingi za kuchanganya mafuta zinaomba lita 1 ya mafuta ya moteri kwa lita 50 za esansi, lakini fuata kitabu cha moteri yako. Kupunguza mafuta ili kubakisha pesa ni kununua moteri ingine.

Pompi ndogo ya karieri inapozwa na upepo tu. Matope yakishika mapezi ya silinda, joto halina njia ya kutoka: safisha kila siku. Kumbuka pia kwamba moteri bila turbo inapoteza karibu nguvu 10 kwa 100 kwa kila mita 1.000 za kupanda. Pompi yenye ilitosha ku ziwa inaweza kushindwa ku mlima; usiilazimishe. Na usishushe kamwe moteri mu shimo: moshi wake unaua watu kabla hawajasikia arufu.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, fanya mambo 3: chomoa kijiti upime mafuta, angalia maji na kifuniko, gusa mkanda wa feni kama umekaza. Ni dakika 5. Na kama gari ni la familia lakini linaendeshwa na mtu mwingine, mwombe akuambie kila jioni mshale ulisimama wapi mu mlima. Leo katikati, kesho juu kidogo, kesho kutwa juu zaidi: hapo peleka garaje, wakati moteri ingali nzima.