Losheni ya Mche: Nta, Mafuta ya Nazi na Visigino vya Mama Zetu

Mwenye kutia udhu kwa kila swala ya faradhi, akaosha kila kiungo mara tatu kama ilivyo sunna, huiosha miguu yake mara 15 kwa siku. Tuongeze hapo vyombo, nguo, sakafu, samaki wa kuparwa, na maji ya kisima yenye chumvi yanayotumika katika mitaa yetu mingi, na tutafahamu kwa nini mwanamke wa pwani, aishiye katika hewa yenye unyevu mwaka mzima, huwa na mikono mikavu na visigino vyenye magaga. Ngozi haikaushwi na jua peke yake. Maji nayo, yakija na sabuni na kuondoka mara kwa mara, huchukua yale mafuta mepesi ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia ngozi iyatoe kwa ajili ya kujilinda.

Kwa mtu mwenye afya, magaga ni kero na aibu ndogo ya kuficha miguu chini ya buibui. Kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo jingine kabisa. Kisukari kilichokaa miaka mingi hufisha hisia za nyayo na kupunguza mwendo wa damu miguuni. Ufa mdogo kisiginoni hauumi, na kwa kuwa hauumi hauangaliwi. Vijidudu huingia, ufa ukawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Wapo watu waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza hivyo. Ndiyo maana madaktari huwahimiza wagonjwa wa kisukari kuzikagua nyayo zao kila siku na kuvilainisha visigino. Na ni nyumba gani katika nyumba zetu isiyokuwa na nyanya, mjomba au mama mwenye maradhi hayo?

Wengi tukitafuta dawa ya ukavu hukimbilia kopo lililo karibu zaidi dukani, na hapo ndipo penye hatari ya pili. Katika rafu hizohizo hupangwa krimu za kung'arisha uso, nyingine zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama aliyejipaka humwambukiza sumu hiyo mtoto anayembeba na kumkumbatia. Ulimwengu uliliona tatizo hili kuwa kubwa kiasi cha kuliingiza katika Mkataba wa Minamata wa 2013, unaohusu madhara ya zebaki. Kopo lisilotaja viungo vyake, au lenye maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji haisomi, lirudishwe rafuni. Tunalisema hili hasa kwa ajili ya mabinti wanaotayarishwa kuwa bi arusi, ambao huambiwa na watu wasiowatakia kheri kwamba rangi waliyozaliwa nayo haitoshi.

Losheni tunayoieleza leo haigeuzi rangi ya mtu. Ni kipande kigumu mfano wa mche mdogo wa sabuni, hakina maji ndani yake, na viungo vyake vitatu vyote twavijua kwa majina: nta ya nyuki, mafuta ya nazi, na mafuta mazito ya shea. Ukikishika, joto la kiganja hukilainisha juu kidogo tu, nacho huacha utando mwembamba wa mafuta kinapopita. Kwa kuwa hakina maji, ukungu hauna pa kuota, basi hakihitaji zile dawa za kuhifadhi zinazotiwa katika losheni za chupa. Ila tusikidhanie kuwa huleta unyevu. Mafuta hayana unyevu wa kutoa. Kazi yake ni kuufungia ndani ule uliopo. Kwa hiyo hupakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa imepanguswa lakini ingali na umajimaji. Apakaye juu ya ngozi iliyokauka kwa saa nzima amefungia ukavu.

Tuanze na nta. Nta iliyosafishwa hupatikana kwa wauzaji wa asali na kwa wafugaji wa nyuki wenyewe. Ukipata masega yaliyokwisha kukamuliwa, yatie katika sufuria kuukuu pamoja na maji mengi, chemsha kwa moto mdogo mpaka yayeyuke, kisha chuja kwa kitambaa uyaache yapoe usiku kucha. Asali iliyobaki na vumbi hubaki majini, nayo nta huganda juu kama sahani ya manjano. Igeuze, ukwangue uchafu ulioshika chini yake, na ukipenda rudia mara ya pili. Lazima ikaushwe barabara kabla ya kutumiwa. Nta ya kweli hunukia asali hata ikiwa ngumu. Kipande kinachonukia mshumaa wa dukani au kisichonukia kitu huenda kimechanganywa.

Mafuta ya nazi hatuna haja ya kufundishana sana, kwani mbuzi ya kukunia haijahama jikoni kwetu. Tui zito la kwanza hupikwa kwa moto wa polepole mpaka maji yakauke, mashapo yageuke rangi ya kahawia na mafuta yabaki maangavu juu. Jambo moja tu ndilo la kusisitizwa: mafuta yaendelee kupashwa moto hadi vipovu vikome kabisa, maana vipovu ni maji, na maji yaliyojificha ndiyo yanayoyafanya mafuta yavunde. Mwenye mafuta ya uto, yaani ya ufuta, au ya zaituni, anaweza kuyatumia badala ya sehemu ya mafuta ya nazi. Mafuta ya zaituni yana heshima yake: mti wake umetajwa kuwa wenye baraka katika Suratun Nur, na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi Mtume (s.a.w.) alihimiza yaliwe na yapakwe mwilini.

Shea haioti pwani. Mti wake unapatikana kaskazini mwa Uganda, na mafuta ya huko ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Asiyeyapata atumie siagi ya kakao, ambayo ni ngumu zaidi na ina harufu ya chokoleti ambayo watoto hawataacha kuitolea maoni.

Kipimo cha kawaida ni sawa kwa sawa kwa uzito, si kwa kikombe, kwa sababu nta iliyoparuzwa hujaza kikombe kwa hewa. Gramu 100 za kila kiungo hutoa vipande sita vya gramu 50. Lakini kipimo hicho kinafaa zaidi nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na kwetu hasa wakati wa kaskazi joto hupita hapo mchana na usiku. Nta ndiyo inayovumilia, kwani haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 62 au zaidi. Sisi twashauri nta gramu 120, shea gramu 100, na mafuta ya nazi gramu 80. Atakayeona kipande ni kigumu mno hakitelezi, ayeyushe tena aongeze kijiko cha mafuta. Hakuna kinachoharibika kwa kuyeyushwa mara mbili.

Chemsha maji kidogo katika sufuria, uweke juu yake bakuli la bati au chuma lenye nta, ili moto usiiguse nta moja kwa moja. Hili si suala la ladha ya upishi. Nta iliyopashwa juu ya moto mtupu inaweza kushika moto, na moto wa mafuta haumwagiwi maji: zima jiko, funika chombo kwa kifuniko. Watoto wawe nje ya jiko. Nta ikishayeyuka ndipo shea iingie, na mwisho mafuta ya nazi, huku ukikoroga taratibu. Tone moja juu ya kijiko kilichokaa katika friji litakuonyesha ugumu kabla hujamimina. Kisha mimina katika vikombe vidogo vikavu au vile vikasha vya kugandishia barafu. Vikishapoa kidogo viwekwe katika friji, kwa kuwa shea ikipoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga mwororo. Chembe hizo hazidhuru, huyeyuka mwilini, lakini kipande cha kumpelekea mkwe huwa kizuri zaidi kikiwa laini.

Hapa ndipo mkono wa mwanamke wa pwani huwashwa kutia marashi. Tunasihi usizuie tu, bali uelewe: marashi ya waridi ni maji, nayo hayachanganyiki na mafuta. Yatajitenga chini ya kipande na kualika ukungu. Atakaye harufu anaweza kuziloweka asumini zilizonyaushwa zikakauka katika mafuta ya nazi kwa siku kadhaa, ayachuje, kisha ayatumie. Mafuta makali ya karafuu yaachwe, huunguza ngozi. Mtoto mchanga apakwe kipande kisicho na harufu yoyote, na kila mtu ajaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, angoje siku moja aone kama pana mwasho. Kipande kisicho na harufu kina watu wake wengine pia: mjane aliye edani, ambaye manukato ameyaepuka, na aliyehirimia Umra au Hija. Huyu wa pili anaweza kujipaka mwilini mafuta yasiyo na manukato kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi'i, lakini nywele za kichwa na ndevu asizitie mafuta ya aina yoyote hadi atoke katika ihramu. Tena kipande kigumu hakihesabiwi miongoni mwa vimiminika vinavyopimwa uwanja wa ndege.

Limebaki suala lililo zito kuliko yote kwa msomaji wetu: udhu. Nta ni kitu kinachozuia maji, na Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alitoa onyo kali juu ya visigino visivyofikiwa na maji katika udhu. Imamu Nawawi alilijadili jambo hili hili katika al-Majmu', karne saba zilizopita na zaidi, kana kwamba ameviona visigino vyetu. Ameeleza kwamba mtu akiyeyushia mafuta mazito au nta ndani ya nyufa za miguu, na mwili wa kitu hicho ukabaki, ni wajibu kukiondoa kwa sababu kinazuia maji kufika kwenye ngozi. Ama athari ya mafuta ya maji, ambayo maji hupita juu ya ngozi na kuigusa hata kama hayatulii, hiyo haibatilishi udhu. Hina nayo ni hivyo hivyo: rangi haidhuru, udongo wake ndio wa kuondoshwa.

Kwa hiyo, losheni hii iliyopakwa mkononi ikasuguliwa mpaka ikabaki mng'aro tu si sawa na nta iliyoshindiliwa ufani. Pitisha ukucha: ukikwangua kitu, basi kipo na kiondoke. Utaratibu ulio salama ni kuvipaka visigino baada ya Isha, mtu akishatia udhu na kuswali, avae soksi alale. Alfajiri, kabla ya udhu, aoshe miguu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, asugue kwa kitambaa kikavu, kisha atie udhu wake. Soksi zina faida nyingine: sakafu ya saruji iliyosuguliwa na mguu wenye mafuta havipatani, na mzee akianguka usiku mambo huwa makubwa. Mwenye hali yake maalumu amuulize sheikh wa mtaa wake.

Mgonjwa wa kisukari apake kisigino na juu ya mguu, asipake katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu uliofungiwa pale huzaa fangasi. Asiparue magaga kwa wembe, na maji ya kuoshea miguu ayapime kwa kiwiko au ayapimiwe na mwingine, maana nyayo zake huenda haziusikii moto. Ufa unaotoa damu au maji, au ulio na wekundu unaoenea, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wala usizibwe kwa nta. Losheni hii si dawa ya ukurutu wala choa, na haizuii jua.

Vipande vikae katika kopo lenye kifuniko, mahali penye kivuli, visiachwe ndani ya gari. Kwa miezi sita havitakuwa na neno ikiwa viungo vilikuwa vipya. Siku vitakaponuka mafuta ya zamani vitupwe. Vikundi vya kina mama vitakavyotaka kuuza vijue kwamba vipodozi vya kuuzwa vinahitaji alama ya ubora ya KEBS, na kwamba mnunuzi ana haki ya kusoma kila kilichomo.

Chombo cha kuyeyushia kipanguswe kwa gazeti kingali na joto, kabla nta haijaganda, na mabaki yasimwagwe katika karo, kwani yataganda ndani ya bomba. Kitambaa kilichobaki na mafuta kinafaa kung'arishia viatu vya ngozi vya watoto wa madrasa.