Sikio Kabla ya Bisibisi

Printa ya rangi ya ofisini, iwashwapo asubuhi, haikurupuki kuchapa, bali kwanza hujikagua kiungo baada ya kiungo; na mwenye kuisikiliza kwa utulivu katika dakika ile moja au mbili hupata habari nyingi kuliko akimbiliaye bisibisi. Aghalabu hutangulia feni kuvuma. Kisha mota huzungusha dramu nne, za manjano, majenta, siani na nyeusi. Halafu hupanda mlio mwembamba, kama wa mbu aliye karibu na sikio, nao ni wa kioo kidogo chenye pande nyingi, kizungukacho maelfu ya mara kwa dakika ili kuutandaza mwali wa leza juu ya dramu.

Mlio huo ukikatika, na nambari ya hitilafu ikatokea, wengi huagiza leza mpya. Walakini kihisio kilichowekwa kuusubiri mwali hakikusema kwamba leza imekufa. Kimesema tu kwamba nuru haikufika kwa wakati wake, na huenda sababu ni kioo kilichopungukiwa mwendo, au vumbi, au waya uliochomoka. Nambari ile ni ushahidi, wala si hukumu.

Katika ofisi moja niliyoihudumia Tanga, printa ilikataa kila asubuhi, ikidai kwamba fyuza, yaani zile rola mbili ziyeyushazo tona hata ikashikamana na karatasi, haikupata moto. Fyuza huhitaji kiasi cha nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na anayepeleka habari kwa bodi kuu ni termista, kijipande ambacho ukinzani wake kwa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi. Joto likichelewa kupita muda uliowekwa, bodi huikatia fyuza umeme kwa hadhari ya moto. (Na mwenye kufungua kifuniko akumbuke kwamba rola hizo huunguza hata baada ya swichi kuzimwa.) Nilibadilisha fyuza, kosa likabaki vile vile, lakini kila alasiri mashine iliwaka bila taabu yoyote.

Tofauti hiyo ya saa ndiyo iliyonifumbua macho. Asubuhi, birika la umeme la chai lilichemka kwenye ekstensheni ile ile, nyembamba na ndefu. Nilipotia mita, volti zilikuwa 190 mahali pa 230. Upungufu huo waonekana mdogo, illa nguvu ya waya wa joto hufuata mraba wa volti, hivyo karibu theluthi ya moto ilikuwa imepotea njiani, na termista ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza.

Tuliihamishia printa kwenye soketi yake ya ukutani. Kesho yake, birika likiwa linafoka kando, feni ilivuma, kioo kikapanda mlio wake hadi kikatulia, na karatasi ya kwanza ikatoka ingali na uvuguvugu.