Mwanaanga Alipopita Juu ya Unguja

Ndugu msomaji, ukibahatika kupata likizo ukaenda Mamba, kule Mpimbwe mkoani Katavi, toka nje mara giza linapoingia ukae mbali na taa. Huenda ukaona nyota moja kubwa inakwenda. Haimetimeti, haina mlio, wala haina taa nyekundu kama za ndege. Huchomoza upande mmoja wa mbingu, na baada ya dakika chache huzama upande wa pili, au hutoweka ghafla katikati ya safari kama kibatari kilichopulizwa. Si kila jioni inapita, na mara nyingine hupita alfajiri. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ndani yake wamo watu. Tangu tarehe 2 Novemba, 2000, hakijakaa hata siku moja bila binadamu.

Wengi wetu hudhani kwamba wanaanga wako mbali mno. La hasha. Kituo hicho kiko juu kiasi cha kilometa 400 tu. Kikiwa utosini mwa mtu wa Mamba, kiko karibu naye kuliko Dar es Salaam, tena umbali wake hautimii hata nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kinachostaajabisha ni mwendo wake: kilometa 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, kutoka Mamba mpaka Dar es Salaam ni safari isiyotimia dakika mbili, na msomaji aliyewahi kupanda basi la Mpanda wakati wa masika atajua mwenyewe jinsi ya kulinganisha. Mwendo huo ndio unaokizuia kisitufikie. Kwa hakika kinaanguka wakati wote, ila kinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila kinaposhuka, ardhi nayo, kwa kuwa dunia ni mviringo, imekwisha kupinda chini yake. Wenyeji wake huelea ndani kwa sababu wanaanguka pamoja na nyumba yao.

Wa kwanza kuanguka kwa namna hiyo akarudi salama alikuwa Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovyeti, tarehe 12 Aprili, 1961. Safari yake ilichukua dakika 108. Roketi za kumpunguzia mwendo ili arudi ziliwashwa alipokuwa akilikaribia bara la Afrika kutoka Bahari ya Atlantiki, na muda mfupi baadaye alikuwa amekwisha kutua katika nchi yake.

Wamarekani, waliokuwa wakishindana na Warusi, walikuwa na taabu moja kubwa. Mawimbi ya redio yanayotumika kuzungumza na chombo cha angani hunyooka. Chombo kikishavuka upeo wa macho, aliye chini hakisikii tena. Ikawa lazima kujenga mlolongo wa vituo kuizunguka dunia, ili kimoja kikimpoteza mrukaji, kingine kimpokee. Katika Afrika walichagua Kano, huko Nigeria, na baada ya Kano, Unguja. Vyombo vya kusikilizia vikawekwa Tunguu.

Hapo ndipo yalipoanza maneno. Mkataba wa kituo hicho ulifanywa Oktoba 1960 kati ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza. Wananchi wengi hawakuamini kwamba mitambo ile ni ya elimu. Walihofu kwamba ni mwanzo wa kambi ya makombora, na kwamba siku mataifa makubwa yatakapopigana, Unguja itakuwa shabaha. Maandamano yalifanyika. Ni rahisi leo kuwacheka wale waliosema roketi zitarushwa kutoka Tunguu; hakuna roketi iliyorushwa pale. Lakini mtu anayejengewa mitambo uani kwake kwa mkataba wa watu wengine ana haki ya kuuliza, na asipojibiwa vya kutosha, atajijibu mwenyewe.

Siku ya kazi ikafika tarehe 20 Februari, 1962. John Glenn alirushwa kutoka Florida asubuhi, na kwetu ilikuwa karibu saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Kabla ya kuondoka alikuwa ametaka hesabu za mashine zihakikiwe kwa mkono na Katherine Johnson, mama mweusi mwanahisabati, kwani mashine peke yake hakuiamini. Nusu saa hivi baadaye alikuwa juu ya Unguja, jua likielekea kuzama. Alikuwa akivuta kamba ya mpira, kama mtu afanyaye mazoezi ya viungo, ili wajue moyo unafanyaje mahali pasipo na uzito. Mapigo yake yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha kwa muda mfupi yakashuka hadi 84. Daktari wa kituo cha Unguja aliyasoma hayo kwenye mitambo yake akatoa habari kwamba mrukaji ni mzima kabisa. Dakika chache zikaisha, Glenn akaingia katika usiku wa Bahari ya Hindi.

Katika mzunguko wa pili, alama moja ilionyesha Florida kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Bila ngao hiyo angeteketea wakati wa kurudi, maana nje ya chombo joto hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Vituo vya njiani viliagizwa vimwambie Glenn asiiguse swichi fulani, lakini sababu hakuambiwa mpaka safari ilipokaribia mwisho. Alitua salama baada ya saa tano kasoro dakika tano. Ngao ilikuwa imara, na alama ndiyo iliyokuwa ya uongo. Hata hivyo Glenn hakupendezwa, akaeleza kwamba aliye katika hatari anastahili kuambiwa. Kwa maoni yangu, katika jambo hilo yeye aliye juu na wale walioandamana chini walikuwa na lalamiko moja.

Wengine watatu walimfuata katika vyombo vya aina ileile, wa mwisho akiwa Gordon Cooper, Mei 1963, aliyeizunguka dunia mara 22. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964. Wamarekani wakaondoka kwa manowari, na Aprili mwaka huohuo Serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe. Kikaondolewa. Kazi ya kusikiliza upande huu wa bahari ikafanywa Madagaska, karibu na Tananarive.

Neil Armstrong alipokanyaga mwezi, Afrika ya Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri ya Jumatatu, tarehe 21 Julai, 1969. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakijiandaa kwenda kazini.