Sahani Imejaa, Uzito Haupandi

Leo utahitaji daftari na kalamu. Daftari kuukuu la mtoto wa shule, lenye kurasa chache zilizobaki, linatosha.

Siku moja kliniki hapa Endarasha nilimpima msichana wa mwaka mmoja na miezi minne. Uzito wake ulikuwa kilo 8.2. Mwezi uliotangulia ulikuwa kilo 8.2, na mwezi wa kabla ya huo vilevile. Mstari katika kijitabu chake, ambao unatakiwa kupanda, ulikuwa umelala. Ule mkanda wa kupima mkono ulionyesha sentimita 12.3, yaani rangi ya manjano. Shosho yake ndiye aliyemleta. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto anakula. Anamaliza sahani na anaongezwa."

Nakiri kwamba mara mbili zile mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mama yake, "Mpe chakula bora." Naye akajibu, "Sawa," tukaagana. Maneno kama hayo hayamsaidii mtu. Safari hii niliwaomba waandike kila kitu kilichoingia mdomoni mwa mtoto kwa siku tatu, hata nusu ya mandazi.

Daftari liliporudi, siku ya kwanza ilisomeka hivi: asubuhi, chai ya rangi na kipande cha mkate. Saa nne, kiazi cha kuchemsha. Mchana, mukimo na supu. Saa kumi, chai tena na mkate. Jioni, viazi na kabeji. Siku ya pili na ya tatu zilifanana na hiyo. Shosho hakusema uongo. Mtoto alikula mara tano kwa siku, lakini karibu kila mara alikula wanga.

Wanga ni vyakula vya kutia nguvu: waru, ugali, mchele, mkate, ndizi, ngwaci. Protini ni vya kujenga mwili: maziwa, mayai, nyama, omena, maharagwe, njahi, ndengu, minji. Mafuta nayo hutia nguvu nyingi katika nafasi ndogo, na husaidia mwili kupokea vitamini A iliyo katika karoti na mboga. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9.

Hiyo tofauti ya 4 na 9 ni muhimu kwa mtoto kuliko kwako, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Mtoto wa umri ule hupokea kama kikombe kimoja cha robo lita kwa mlo. Ukikijaza kwa viazi vitupu, atashiba kabla ya kupata anachohitaji. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya kupikia, ukikichanganya katika viazi vyake, kinaongeza nguvu inayokaribia nusu ya ile iliyo katika kiazi kizima cha gramu 100, na mtoto hata hatambui. Kipande cha avokado kilichopondwa kinafanya kazi hiyohiyo. Simaanishi chipsi. Namaanisha kijiko.

Sasa tuhesabu protini. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina gramu 2 hivi. Basi kwa viazi peke yake angehitaji zaidi ya nusu kilo kila siku, na bado angekosa mafuta. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama gramu 8. Jumla ni 14, na hesabu imekwisha.

Je, maziwa yalikuwepo nyumbani? Yalikuwepo, na ng'ombe walikuwa wawili. Ya asubuhi yote yalichukuliwa na gari la maziwa, ya jioni yakanunuliwa na majirani, na mayai yakaenda sokoni. Mama wa mtoto alinieleza haya akiwa ameinamisha kichwa, nami sikumlaumu, kwa maana karo ya wakubwa hulipwa kwa maziwa hayohayo. Nilimwomba kitu kimoja tu: kabla ya kumimina katika mkebe, apime kikombe cha mtoto. Mtoto awe mteja wa kwanza.

Kuhusu supu, hapa nitabishana na mashosho wengi. Maji yaliyochemsha nyama yana ladha, lakini nyama ndiyo yenye protini. Mpe nyama yenyewe, iliyokatwakatwa hadi iwe laini. Na mukimo ni chakula kizuri sana ikiwa minji au maharagwe yanaonekana ndani yake. Githeri ni bora zaidi, kwani mahindi na maharagwe hukamilishana. Ponda tu punje kwa ajili ya mdogo. Uji wa unga wa aina kumi, wenye omena, njugu na soya ndani, siupendekezi. Unga huo huharibika upesi na humtatiza mtoto tumboni. Aina moja au mbili za nafaka zinatosha, kisha maziwa uyaongeze.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1931 John Orr na John Gilks walichapisha utafiti kuhusu chakula cha Wakikuyu, walioishi zaidi kwa nafaka, viazi na kunde, na Wamasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu. Wanaume wa Kimasai walikuwa warefu na wazito zaidi. Kimo hutokana na mengi, si chakula pekee. Lakini nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Basi chukua daftari. Piga mistari upate safu tatu: W, P, M. Kila mtoto anapokula, tia alama chini ya kilichokuwamo. Huhitaji mizani. Vijiko viwili au vitatu vya maharagwe yaliyopondwa vinatosha kwa alama moja ya P. Jioni tazama: ikiwa safu ya W imejaa na nyingine ni tupu, ujue cha kubadilisha kesho. Mboga za majani na matunda yaandike pembeni, kila siku yawepo. Chai isiandamane na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma. Na ikiwa mtoto bado ananyonya, endelea hadi miaka miwili au zaidi.

Yule msichana tulimpima kila wiki. Baada ya mwezi alikuwa na kilo 8.6.

Lakini mtoto akivimba miguu yote miwili, akikataa kula kabisa, au mkanda ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, usikae kuandika daftari. Mlete kituo cha afya siku hiyohiyo.