Hofu Yenye Mlango

Stima ikipotea saa mbili usiku kule Pipeline, Nairobi, korido za ghorofa huwa giza totoro kabla ya mtu kuwahi tochi ya simu. Papo hapo mayowe hupanda kutoka orofa ya chini hadi ya mwisho. Ni watoto, na kila mzazi anayesonga ugali jikoni anajua kwa kusikia tu kwamba hakuna aliyeumia. Baada ya muda mfupi mmoja wao, mkubwa kuliko wenzake, hujibanza nyuma ya mtungi wa maji penye ngazi, akajifunika leso ya mamake gubigubi na kungoja hatua za wadogo. Anawarukia. Wanapiga kelele, wanatimua mbio hadi kwenye mlango wenye mshumaa, wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanarudi palepale gizani ili watishwe tena.

Huko kurudi ndiko kunakotushughulisha sisi tunaochunguza hofu. Kiumbe aliyetishwa kwa kweli harudi. Mbona hawa wanarudi, na kwingine duniani watu wazima wanapanga foleni na kulipa ili wafanyiwe jambo hilohilo?

Marekani na Ulaya, biashara ya nyumba za kutisha hushamiri kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba 31, usiku wa Halloween. Si jambo la jana. Kule Liphook, Uingereza, ipo nyumba ya mizuka iliyotengenezwa mwaka 1915 na kampuni ya Orton and Spooner, ikiendeshwa kwa mvuke. Disneyland ilifungua jumba lake la mizimu Agosti 1969, na tangu miaka ya 1970 vikundi vya kujitolea Marekani vimekuwa vikigeuza majengo matupu kuwa nyumba za kutisha ili kuchangisha fedha. Nairobi tunaijua desturi hii zaidi kupitia sinema na karamu za Oktoba 31 katika vilabu na maduka makubwa. Hata hivyo mtoto wa Pipeline ameshaijenga nyumba hiyo kwa leso moja na ngazi, na ameijenga barabara.

Tuanze na mwili. Kitu kikichomoka gizani, mabega huinuka na macho hufumba kabla ya akili kujua ni nini. Mshtuko huo hauna ushauri wala elimu; profesa na mtoto wa chekechea hushtuka sawasawa. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kamsa, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, kiganja kinatoa jasho. Ndipo akili, iliyochelewa kidogo, inafika na habari: ah, ni Brayo na leso ya mamake. Hatari imefutwa, lakini adrenalini bado imo mwilini, na nguvu hiyo lazima itafute pa kwenda. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko wa hisia moja hubaki na kuikoleza hisia inayofuata. Ndiyo maana kicheko cha baada ya kutishwa huwa kikubwa kuliko kicheko cha kawaida.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wao kutoka nyumba ya kutisha ya Dystopia katika mji wa Vejle. Waliwavalisha wageni 110 vipima-moyo, wakawafuatilia kwa kamera, kisha wakawauliza walivyofurahia na walivyoogopa. Walioogopa kidogo mno walichoka, na walioogopa kupita kiasi waliteseka. Furaha ilikuwa katikati. Mapigo ya moyo nayo yalionyesha kwamba wageni hufurahia zaidi moyo unapopanda na kushuka kwa kiasi kidogo, si unapotoka kabisa katika hali yake ya kawaida. Kiasi hicho cha katikati hutofautiana kwa kila mtu, na hapo ndipo kazi ya mwigizaji aliyevaa uso wa zimwi inapokuwa ngumu. Mwigizaji hodari husoma mgeni. Akimwona msichana amemng'ang'ania rafikiye kwa kicheko, humsogelea. Akimwona mwingine amenyamaza, macho yamekodoka, mikono imekaza mwilini, hurudi nyuma na kumwachia njia.

Bibi zetu waliijua kazi hii. Msimulizi wa hadithi za mazimwi hakuanza ghafla. Alisema paukwa, watoto wakaitika pakawa, na mwitikio huo ulikuwa mkataba: sasa tunaingia, sote tuko pamoja, na hadithi itakwisha. Mtoto aliyeogopa alisogea karibu na mgongo wa nduguye, na msimulizi akimwona anatetemeka alimleta sungura mapema amshinde zimwi. Hofu ya kuchezewa inasimama kwa mambo matatu hayo: kuingia kwa hiari, kuwa na wenzako, na kuwa na mlango wa kutokea. Ukiondoa moja tu, mchezo umekwisha hata kama vinyago ni vilevile.

Mitaa ya Eastlands, Nairobi, inazo kumbukumbu za hofu isiyo na mlango. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi, wakiwemo wanawake wa Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Walimsimulia habari za wazimamoto: watu wa serikali ya mkoloni waliosemekana kutembea usiku, kuwakamata watu na kuwanyonya damu. Hadithi kama hizo zilienea Afrika Mashariki, na pwani ziliitwa za mumiani. Kampala, mwaka 1958, mtu mmoja alishtakiwa kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwenye kituo cha zimamoto, kwa kuamini kwamba huko damu inanunuliwa. White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, na sura ya Nairobi inahusu miaka ya 1919 hadi 1939. Aliziunganisha na suala la mali, hasa vyumba na nyumba za wanawake.

Naona alipiga ndipo. Miaka hiyo wanawake walikuwa wamejenga nyumba zao Pangani na Pumwani, wakapangisha vyumba na kujitegemea. Kufikia 1939 Pangani ilikuwa imebomolewa na baadhi ya wenye nyumba kuhamishiwa Shauri Moyo. Mwanamke aliyelala peke yake katika chumba alichokitolea jasho hakuwa na njia ya kuizuia serikali isibishe hodi. Zimwi la hadithi zake lilivaa sare, lilikuja na gari, na lilikuwa na haki ya kuingia. Hakukuwa na paukwa wala kiitikio, na mlango wa kutokea ndio huohuo zimwi lililoingilia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wa mitaa wameanza kuniuliza jinsi ya kuandaa nyumba ya kutisha wakati wa likizo ya Desemba, katika ukumbi wa jamii au jengo la shule. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Watoto wetu wanastahili burudani iliyoundwa kwa ustadi, na utafiti wa Margee Kerr na wenzake katika nyumba ya kutisha ya Pittsburgh, uliohusisha watu 262, ulionyesha kwamba wengi hutoka wakiwa na hisia nzuri kuliko walivyoingia, hasa walioingia wamechoka au wana msongo. Lakini msinakili sinema za nje neno kwa neno. Huko, mtu mwenye bunduki anayevunja mlango ni kichekesho cha kutisha. Hapa, kuna mtoto aliyeona tingatinga likibomoa nyumba Mukuru kwa Njenga mwaka 2021 au kando ya Mto Mathare mwaka 2024, na kuna aliyesikia risasi akiwa chini ya kitanda. Mlio wa bunduki, buti, kelele za "fungua!", hivyo viacheni nje. Tumieni mifupa, popo, mazimwi, maiti anayeamka kwenye jeneza, jini mwenye kwato ambaye kila mwanafunzi wa bweni anamjua. Vitu hivyo havijawahi kumvunjia mtu nyumba.

Kisha moto. Mei 11, 1984, katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, nyumba ya kutisha iliyoitwa Haunted Castle iliteketea na vijana 8 wakafa. Ilikuwa imeundwa kwa matrela yaliyounganishwa, ndani mna sponji inayoshika moto upesi, na hakukuwa na mfumo wa kunyunyiza maji. Fikiria ugumu wake: umelipa ili upotee gizani na kusikia watu wakipiga mayowe. Ukiona moshi, utajuaje kwamba sasa si mchezo? Baada ya mkasa huo kanuni za majengo Marekani zilibadilishwa ili, king'ora kikilia, taa ziwake zote, sauti za kutisha zizimike, na njia za kutokea zionekane.

Kwa hiyo, katika ukumbi wa mtaani: msitundike mashuka ya nailoni wala sponji kwenye kuta, msiwashe mishumaa, msifunge mlango wowote kwa kufuli, hata wa nyuma unaoingiza wasiolipa. Mlinde mlango huo kwa mtu. Awepo mtu mmoja mwenye swichi ya taa mkononi muda wote, asiyeigiza. Wageni waingie sita sita, na waonyeshwe kila njia ya kutokea kabla hawajaingia, na waambiwe kwamba kutoka katikati si aibu. Taa za kumetameta ziepukwe, kwani zinaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Kuhusu umri, watafiti kama Joanne Cantor walionyesha miaka ya 1980 kwamba watoto wa chekechea huogopa sura: mtu akigeuka mbele yao kuwa dude, kumweleza mtoto kwamba ni yuleyule hakusaidii sana. Wa miaka tisa au kumi huogopa zaidi yale yanayoweza kutokea, na tayari wanaweza kushika kwamba huu ni mchezo. Wadogo waandalieni chumba chao chenye mwanga, ambamo wanamwona kaka yao akivaa kinyago na kukivua, kisha wao wenyewe wakijaribu. Wakishamaliza, waacheni nao wamtishe mtu mzima. Mwalimu anafaa, konda wa matatu anafaa zaidi.