Kitasa Kinapokwama: Hatua za Kuchukua Kabla ya Kuvunja Mlango

Nyumba nyingi hujengwa zikiwa na nondo madirishani ili kuzuia wezi. Nondo hizo hizo huufanya mlango kuwa njia pekee ya kutokea endapo moto utazuka. Kwa sababu hiyo, kitasa kinachokwama si usumbufu wa kuvumiliwa hadi mwisho wa mwezi. Ni suala la usalama wa kaya, na mara nyingi mkazi huweza kulimaliza mwenyewe kwa bisibisi na penseli.

Kwanza itambuliwe kasoro iko wapi. Ufunguo uzungushwe mlango ukiwa wazi. Ulimi wa kitasa ukitoka na kurudi bila taabu, kitasa hakina kosa. Tatizo ni mlango wenyewe. Ama mbao zimevimba kwa unyevu wa masika, ama bawaba zimelegea na mlango umeshuka, hata ulimi haulengi tena tundu lake kwenye fremu. Mikwaruzo kwenye kibati cha fremu huonyesha mahali ulimi unapogonga. Skrubu za bawaba ya juu zikazwe kwanza. Zikizunguka bila kushika, matundu yake yajazwe vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, kisha zirudishwe. Ikibidi, tundu la kibati lipanuliwe kidogo kwa tupa. Mlango uliovimba usiharakishwe kupigwa randa, kwani kiangazi kikifika mbao husinyaa na kuacha mwanya.

Kitasa kikiwa kizito hata mlango ukiwa wazi, kosa limo ndani yake au katika ufunguo. Ufunguo uliochongwa kwa kufuata nakala nyingine mara nyingi huwa na meno yasiyo sahihi. Ujaribiwe ule wa awali, kama bado upo. Kisha meno ya ufunguo yasuguliwe kwa ncha ya penseli, nao uingizwe na kutolewa mara kadhaa. Unga huo mweusi hulainisha bila kunasa vumbi. Mafuta ya kupikia, ambayo wengi huyakimbilia, husaidia kwa siku chache tu, kisha huganda na kushika uchafu.

Ufunguo usiozunguka usilazimishwe kwa koleo, maana hukatika. Kipande kilichobaki ndani kivutwe kwa koleo lenye mdomo mwembamba, ikiwa ncha yake inaonekana. La sivyo, aitwe fundi.

Mkazi aliyefungiwa nje usiku awajulishe majirani au mwenyekiti wa kitongoji kabla fundi hajaanza kazi. Anayechokonoa mlango gizani hudhaniwa mwizi upesi, na umati wenye hasira hausubiri maelezo. Mpangaji naye awasiliane na mwenye nyumba kabla ya kubadili kitasa.

Mtoto au mgonjwa akiwa amefungiwa ndani, au jiko likiwa linawaka, penseli iwekwe kando: mlango uvunjwe, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114.