Si kila wingu huzaa nyota

Mkazi wa Dodoma hahitaji kufundishwa maana ya wingu lisilonyesha. Kila mwaka, ifikapo Novemba, tunayaona mawingu yakijikusanya, yanakuwa mazito, upepo unainua vumbi, akina mama wanaanua nguo kambani na watu wanaambiana kwamba leo ni leo. Kisha mawingu yanapita zake. Jioni jua linazama kwenye anga tupu, na mkulima wa Mvumi anarudisha jembe ndani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mawingu ya aina nyingine, ambayo yako mbali mno na haya yetu lakini yana tabia hiyo hiyo. Ni mawingu ya gesi yaliyotanda katikati ya nyota. Humo ndimo nyota zinamozaliwa, na hata jua letu lilitoka katika wingu la namna hiyo, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wataalamu wanaoyachunguza wana swali ambalo mkulima wa Dodoma angelielewa mara moja: mbona mawingu ni mengi na kinachopatikana ni kidogo?

Najua wapo watakaosema kwamba maji hayatoki bombani na huyu anatuletea habari za nyota. Hoja hiyo ni ya haki, na nitaijibu kabla sijamaliza.

Mwezi Julai mwaka mmoja nililala kijijini wilayani Bahi. Hapakuwa na taa wala mbalamwezi. Juu yetu ulipita ule mkanda mweupe unaoitwa Njia Nyeupe. Mkanda huo ni galaksi yetu tukiitazama kwa ubavu, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota ambamo jua ni moja tu. Mzee mwenyeji wangu hakuonyesha weupe. Alinyoosha fimbo kwenye mabaka meusi yaliyoukata mkanda huo, hasa baka moja lililo ubavuni mwa zile nyota nne za Salibu, upande wa kusini. Akaniuliza, "Mwanangu, hapo mbingu imetoboka?" Nilishindwa kumjibu.

Baadaye niligundua kwamba mzee yule hakuwa peke yake. William Herschel, mtaalamu mashuhuri wa nyota aliyefanya kazi Uingereza katika karne ya 18, naye alipoyaona mabaka kama hayo alidhani ni matundu mbinguni. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa wataalamu kukubaliana kwamba si matundu. Ni mawingu ya gesi yaliyochanganyika na vumbi laini, na vumbi hilo huziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, kama vile vumbi la lori linavyokuficha kilima kilicho ng'ambo ya barabara.

Gesi iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni haidrojeni. Katika anga ya kawaida kati ya nyota, kila chembe ya haidrojeni huelea peke yake. Ndani ya mawingu haya, ambamo vumbi huzuia mwanga mkali usipenye, chembe hizo hushikana mbili mbili na kuwa molekuli. Ndiyo maana huitwa mawingu ya molekuli. Ni baridi mno, kiasi cha nyuzi 263 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni muhimu, kwa sababu gesi ya moto hutaka kutanuka, lakini gesi baridi hukubali kuvutwa na uzito wake yenyewe, ikajikunja, ikasongamana, hatimaye ikawaka na kuwa nyota.

Sasa hapa pana tatizo. Haidrojeni iliyoshikana mbili mbili, ikiwa katika baridi hiyo, haitoi mawimbi ya redio ya kutuwezesha kuipata. Ni kama mtu aliyekaa kimya gizani. Mwaka 1970 Mmarekani mweusi George Carruthers alirusha chombo chake kwa roketi na kuitambua molekuli hiyo angani kwa mara ya kwanza, kwa kupima mwanga wa nyota uliokuwa umepita katikati ya gesi. Lakini njia hiyo haiwezi kupenya kwenye mawingu mazito yenyewe.

Mwaka huo huo wataalamu watatu, Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias, walipata njia ya kuzunguka. Walielekeza darubini ya redio huko Arizona, Marekani, kwenye nyota za Jabari, wakanasa mawimbi ya gesi nyingine inayoishi pamoja na haidrojeni. Gesi hiyo ni kaboni monoksaidi. Msikilizaji, unaifahamu. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Huko mawinguni ni chache, yapata molekuli moja tu kwa kila 10,000 za haidrojeni, lakini yenyewe husema. Ukiisikia, unajua haidrojeni ipo.

Husema kwa masafa gani? Wewe unayefungulia redio yako kwenye FM unatafuta megahezi tisini na kitu au mia na kitu. Kaboni monoksaidi hutangaza kwenye megahezi zipatazo 115,000, na wimbi lake lina urefu wa milimita 2.6 tu. Ni stesheni isiyozimwa usiku wala mchana. Tatizo ni kwamba mvuke wa maji ulio hewani humeza mawimbi hayo mafupi. Kwa hiyo anayetaka kuisikia vizuri lazima apande juu sana, tena mahali pakavu.

Kwa ukavu, sisi wa uwanda wa kati tungeweza kujigamba kidogo. Kwa urefu, hapana. Dodoma iko kwenye mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Darubini kubwa kuliko zote za kazi hii, iitwayo ALMA, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2013, imejengwa kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu. Katika Tanzania nzima ni Kilimanjaro pekee unaofika huko. Hata Meru unabaki chini. ALMA ina antena 66 zinazofanya kazi kwa pamoja kama sikio moja.

Kuna njia nyingine pia ya kuyaona mawingu haya, na hapa historia inakuja karibu na nyumbani. Kutoka anga za mbali hutiririka chembe zenye kasi kubwa mno. Chembe hizo zikigonga gesi yoyote, hata ile baridi isiyosema, hutoka mionzi ya gama. Mionzi hiyo huzuiwa na hewa yetu, hivyo ni lazima ipimwe na setilaiti. Novemba 1972 setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kwa kazi hiyo. Haikurushwa kutoka Marekani. Ilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Hapo ni jirani na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia humsaidia anayerusha roketi. Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi Juni 1973, na ilionyesha wazi kwamba mionzi ya gama imejipanga kwenye ule mkanda wa Njia Nyeupe, kule kule iliko gesi.

Setilaiti iliyoitangulia, iliyorushwa kutoka jukwaa hilo hilo tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi leo jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Roketi ya mwisho kurushwa San Marco ilikuwa ya mwaka 1988.

Basi, baada ya kusikiliza na kupima kwa zaidi ya miaka 50, wataalamu wamepata nini? Wamepata hesabu isiyolingana. Galaksi yetu ina gesi ya molekuli ya kutosha kutengeneza majua yapatayo bilioni moja. Kama mawingu hayo yangeporomoka kwa uzito wake bila kizuizi, kazi ingekwisha kwa miaka milioni chache, na kila mwaka zingezaliwa nyota zenye uzito wa majua mia kadhaa. Hali halisi ni kwamba kwa mwaka gesi inayogeuka nyota ina uzito wa jua moja au mawili tu. Yaani inayopatikana ni kama moja kwa mia ya ile iliyotarajiwa.

Je, huenda ni galaksi yetu tu iliyo mvivu? La hasha. Kwa kutumia ALMA, kundi la watafiti wa mataifa mbalimbali limechora ramani za galaksi 90 zilizo jirani, wakahesabu mawingu yapatayo 100,000. Picha ni ile ile. Wingu huishi miaka kama milioni 10 hadi 30, likageuza asilimia chache tu ya gesi yake kuwa nyota, kisha likatawanyika.

Anayelitawanya ni nani? Kwa kiasi kikubwa ni watoto wake mwenyewe. Nyota kubwa zikishazaliwa huwaka kwa ukali, hutoa mwanga na upepo unaoisukuma gesi iliyobaki, na baadhi hulipuka. Aidha, ndani ya wingu gesi huchafuka na kuvurugika, na nguvu za sumaku huizuia isianguke upesi. Kipi kati ya hivyo kina uzito zaidi, na wapi? Hapo ndipo wataalamu wanapobishana mpaka leo.

Na huu si upungufu wa kuusikitikia. Kama gesi yote ingewaka kwa mara moja, galaksi ingemaliza akiba yake zamani za kale. Kwa mwendo huu wa polepole, gesi ya molekuli iliyopo inaweza kutosha kwa miaka ipatayo bilioni moja au pungufu, huku nyingine ikiongezeka kutoka nje. Miaka bilioni 10 iliyopita galaksi zilikuwa na gesi nyingi zaidi, na nyota zilizaliwa kwa kasi yapata mara 10 ya leo. Tunaishi wakati wa kiangazi cha ulimwengu, ghala likipungua kidogo kidogo.

Haya yote Dodoma tunaweza kuyaona bila darubini. Baka lile la mzee, pembeni mwa Salibu, ni wingu zito la gesi na vumbi, lakini wataalamu hawajaona ndani yake dalili ya nyota zinazozaliwa. Limetanda bila kunyesha. Lakini Januari, tazama upanga wa Jabari. Ile nyota ya katikati inayoonekana kama ukungu ni wingu linalozaa, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,350. Kisha tazama Kilimia, kundi ambalo mababu zetu walilitumia kujua majira ya kulima. Nyota zake zilizaliwa pamoja, kama miaka milioni 100 iliyopita, na wingu lililozizaa limekwisha kutoweka.

Sasa nijibu ile hoja ya bomba la maji. Mwaka 1970 na 1972 Afrika Mashariki ilitoa bahari, ikatoa mahali pazuri karibu na ikweta, na ikatoa hata jina. Vipimo vilipokuja, vilisomwa kwingine. Tulikuwa wenyeji wa shughuli tusiokaa mezani. Leo mlango uko wazi zaidi. Takwimu za ALMA, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, huwekwa wazi kwa kila mtu duniani bila malipo. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye kompyuta, mtandao na mwalimu wa kumwongoza anaweza kufungua vipimo vile vile anavyosoma profesa wa Ulaya. Anayejifunza kutenganisha sauti hafifu ya gesi na kelele za mitambo atajua pia kusoma picha za setilaiti zinazohusu mvua, mashamba na maji ya ardhini. Hesabu ni zile zile. Bomba nalo linahitaji mtu wa namna hiyo.

Lakini takwimu zikiwa wazi halafu darasa la fizikia likakosa mwalimu, hayo nayo ni mawingu tu.

Ombi jingine ni dogo. Mji wetu unakua haraka, na taa nazo. Taa za barabarani zielekezwe chini, zimulike njia na siyo mbingu, ili mtoto wa Dodoma asisimuliwe Njia Nyeupe kama hadithi ya zamani.

Mimi, Mungu akipenda, Julai nitarudi Bahi. Nina deni kwa mzee. Nitamwambia kwamba mbingu haikutoboka. Ni wingu, nalo bado halijanyesha. Nadhani atacheka, kwa sababu hayo ameyaona maisha yake yote.